HIFADHI SI KABATI: UHAKIKI WA ISTILAHI ZA KUMBUKUMBU ZA MIMEA MIKAVU

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki baadhi ya istilahi zinazotumika kufasiri kumbukumbu za mimea mikavu, yaani yale maandishi mafupi yanayobandikwa pembeni mwa mmea uliokaushwa na kutunzwa katika makabati ya wataalamu. Maandishi hayo huwa ni mistari michache tu: jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe, jina la aliyeuchuma, namba yake, na maelezo kidogo juu ya udongo na rangi ya ua. Kwa sababu ya ufupi huo wafasiri wengi huyaona kuwa ni kazi ndogo isiyohitaji kufikishwa mbele ya kamati ya istilahi. Lakini mistari hiyo ndiyo inayonakiliwa katika vitabu vya shule, katika taarifa za mazingira, na katika majalada ya maofisa wanaotoa au kukataa vibali. Neno moja likipotoka hapo, upotofu huo husafiri mbali.

Tafsiri tunayoihakiki ni rasimu iliyokusudiwa kuwasaidia walimu wa Biolojia, nayo ilichukua kumbukumbu za mmea mmoja wa Australia kuwa mfano wake. Hatuna haja ya kumtaja mwandaaji. Maneno aliyoyatumia si ya kwake peke yake. Yameenea katika tafsiri nyingi, na ndiyo sababu yanastahili kujadiliwa hadharani. Tena ikumbukwe kwamba mwandaaji huyo amefanya kazi ambayo wengi wameikwepa, na uhakiki huu usingewezekana kama yeye asingethubutu.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mmea wa Australia, ilhali tuna mimea yetu? Jibu ni kwamba kumbukumbu za mmea huo zimeanza mwaka 1699, zimepita mikononi mwa watu wengi, na jina lake la kitaalamu limebadilishwa mara kadhaa. Kwa hiyo karibu kila istilahi yenye utata hukutwa humo. Isitoshe, utaratibu wenyewe ni ule ule unaofuatwa Arusha, Dar es Salaam na Nairobi. Kitakachokubaliwa kwa mmea wa Australia kitafaa pia kwa mbuyu na mpingo.

2. Mmea wenyewe na safari yake katika kumbukumbu

Mmea huu Waingereza wa Australia huuita Sturt's Desert Pea. Jina lake la kitaalamu linalotumiwa sasa na wengi ni Swainsona formosa. Ni mmea utambaao, wa jamii ya mikunde, wenye majani ya kijivu yaliyojaa vinyweleo, na maua makubwa mekundu yenye urefu wa sentimita tisa hivi, ambayo kwa kawaida huwa na uvimbe mweusi unaong'aa katikati. Huota katika sehemu kame za majimbo yote ya bara la Australia isipokuwa Victoria. Mbegu zake zina ganda gumu, nazo huweza kukaa ardhini miaka mingi zikingoja mvua. Mwaka 1961 Jimbo la Australia ya Kusini lililitangaza ua hili kuwa nembo yake.

Kielelezo cha kwanza kinachojulikana kilichumwa na baharia Mwingereza William Dampier mwezi Agosti 1699, katika visiwa vya pwani ya kaskazini-magharibi ambavyo leo vinaitwa kwa jina lake. Meli yake, Roebuck, ilizama katika kisiwa cha Ascension mwezi Februari 1701 ikirudi Uingereza, lakini mimea aliyoikausha iliokolewa. Idadi yake ilikuwa kiasi cha dazeni mbili tu. Mchoro wa ua hili ulichapishwa katika kitabu chake cha safari mwaka 1703, na vielelezo vyenyewe hatimaye vikafika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako vimo hadi leo. Jina la Charles Sturt liliambatana na mmea kwa sababu ya safari yake ya kuelekea katikati ya Australia, iliyoanza 1844, ambamo aliukuta umeenea kwa wingi. Kwa maneno mengine, jina la kawaida la mmea limechukuliwa kwa mtu aliyeuona miaka 145 baada ya kielelezo cha kwanza kukaushwa.

Hapa ndipo tunapokutana na kosa la kwanza la rasimu. Imeandikwa kwamba Dampier "aligundua" ua hili. Neno hilo halimo katika kumbukumbu. Lebo ya mimea haina nafasi ya mgunduzi. Ina nafasi ya mkusanyaji. Wenyeji wa Australia walikuwa wakiishi na mmea huo kwa maelfu ya miaka kabla ya Dampier kutia nanga. Wasomaji wetu hawahitaji kufunzwa jambo hili, kwani wamekwisha kusikia mara nyingi kwamba Rebmann "aligundua" Kilimanjaro mwaka 1848, kana kwamba Wachaga walikuwa hawajauona mlima uliokuwa juu ya migomba yao. Tukiandika "mkusanyaji" tunakuwa waaminifu kwa lebo, na papo hapo tunaepuka kuwadharau watu.

3. Hifadhi, makumbusho, au makavazi?

Mahali panapotunzwa mimea iliyokaushwa pameitwa na rasimu "hifadhi ya mimea". Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na hatuna budi kulichunguza kwa makini.

Ni kweli kwamba kuhifadhi ni kutunza kitu kisiharibike, na mmea uliobanwa kati ya karatasi, ukakaushwa, kisha ukashonwa au kubandikwa katika karatasi ngumu ya kiasi cha sentimita 42 kwa 29, umehifadhiwa bila shaka. Lakini istilahi haisomwi katika kamusi peke yake; husomwa katika masikio ya umma. Kwa Mtanzania wa leo "hifadhi" ni Serengeti, ni Mikumi, ni mahali penye mipaka, askari na sheria. Kwa hiyo sentensi ya rasimu isemayo kwamba "mmea huu umo katika hifadhi za Perth, Adelaide, Sydney na London" humfanya ofisa asomaye aamini kwamba mmea uko hai, umezungushiwa ulinzi, na hauna haja ya kushughulikiwa tena. Ukweli ni kwamba kilicho Perth ni vipande vilivyokauka ndani ya makabati. Kielelezo chaweza kuhifadhiwa vizuri sana huku mmea wenyewe ukitoweka porini, wala hakuna mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Mfano wetu waonyesha vema tofauti hiyo kwa upande mwingine. Sturt's Desert Pea hauhesabiwi kuwa mmea ulio hatarini kutoweka. Hata hivyo kuuchuma katika ardhi ya Serikali huhitaji kibali. Hivyo tuna mambo matatu yaliyo mbali mbali: kutunzwa kwa kielelezo, kulindwa kwa mmea kisheria, na hali ya mmea porini. Rasimu imeyaita mambo mawili ya kwanza kwa neno moja, "kuhifadhiwa", na la tatu imemwachia msomaji akisie. Afadhali tuseme kwamba kielelezo kimetunzwa, kwamba mmea unalindwa na sheria, na kwamba mmea hauko hatarini. Vitenzi viwili na maelezo mamoja, kila kimoja mahali pake.

Mahali penyewe tupaite nini basi? Zipo njia nne. Ya kwanza ni kulitohoa neno la Kilatini na kusema "hebaria". Neno hilo si gumu kutamka, na wataalamu watalitambua mara moja. Lakini mwalimu wa shule ya msingi halimwambii chochote. Ya pili ni kufuata jina la kale la Ulaya. Wanafunzi wa Luca Ghini, mwalimu wa Kitaliano wa karne ya 16 anayesifiwa kwa kueneza ufundi wa kukausha mimea katika karatasi, waliiita mikusanyiko ya namna hiyo kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya "bustani kavu". Jina hilo lapendeza, lakini katika nchi zetu bustani kavu ni bustani iliyokosa mvua, na anayeisikia hutoa pole. Njia ya tatu ni "makumbusho ya mimea". Makumbusho, hata hivyo, ni mahali pa kutazamwa na watu wote, na kabati la mimea mikavu ni mahali pa kufanyia kazi: vielelezo hutolewa, hulinganishwa, huazimwa na taasisi nyingine, na jina jipya huandikwa penye lebo.

Njia ya nne ni "makavazi ya mimea". Wenzetu wa Kenya wamelizoea neno makavazi kwa ajili ya mahali pa kutunzia nyaraka za taifa, na mfanano ni wa kweli. Mmea ulio katika karatasi ni waraka: una mwandishi, tarehe, mahali, na namba, nao huthibitisha au kukanusha madai ya watu waliokuja baadaye. Tunapendekeza "makavazi ya mimea" kwa matumizi ya umma na shule, na "hebaria" iruhusiwe katika maandishi ya wataalamu. "Hifadhi ya mimea" ibaki kwa mimea iliyo hai ardhini.

4. "Aina": neno lililobebeshwa mizigo mingi

Neno "aina" ni mtumishi mwema wa Kiswahili, nalo kwa wema wake limebebeshwa mizigo isiyo yake. Katika rasimu limetumika kwa maana tatu: spishi, tofauti ndogo ndani ya spishi, kwa mfano mimea yenye uvimbe wa katikati mwekundu badala ya mweusi, na kile kielelezo maalumu ambacho jina la kitaalamu limefungwa kwacho. Matokeo yake ni sentensi kama hii: "Kielelezo cha aina cha aina hii kina aina ya ua jeusi katikati." Mwalimu atakayeisoma mbele ya darasa atahitaji ujasiri.

Maana ya kwanza haina shida tena. "Spishi" na "jenasi" yamekwisha kuzoeleka shuleni, na hakuna sababu ya kuyakimbia kwa kuwa tu yametoka nje. Maana ya pili yaweza kubaki na "aina" katika lugha ya kawaida. Taabu iko katika maana ya tatu.

Kanuni za kutoa majina ya mimea zasema kwamba kila jina la spishi hufungwa kwa kielelezo kimoja. Kielelezo hicho si lazima kiwe cha zamani kuliko vyote, wala kizuri kuliko vyote, wala kinachofanana zaidi na mimea mingi ya spishi hiyo. Kazi yake ni moja tu: mabishano yakitokea juu ya jina, watu hurudi kukitazama. Ni kama jiwe la mpaka. Halilimwi wala halivunwi, lakini likihamishwa shamba lote huingia katika ugomvi. Basi "kielelezo cha aina" humpotosha msomaji kwa kumfanya afikiri kwamba kinawakilisha umbo la kawaida la mmea. Tunapendekeza "kielelezo cha jina". Istilahi hiyo yasema wazi kwamba kinachoshikiliwa ni jina, siyo umbo.

Jambo hili lafafanua pia kwa nini maelezo yaliyochapishwa juu ya mimea ya Dampier mwanzoni mwa karne ya 18 hayakuupa mmea huu jina lake la sasa. Wakati ule mimea iliitwa kwa sentensi nzima za Kilatini. Wa kwetu uliitwa kwa maneno mengi yaliyotaja nchi ulikotoka, ukubwa na wekundu wa maua, mpangilio wake na doa lake la zambarau. Majina ya mimea huhesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1753, na yaliyotangulia hayana nguvu. Umri wa kielelezo ni jambo moja, na mamlaka ya jina ni jambo jingine. Rasimu inayoandika kwamba kielelezo cha Oxford ndicho "cha aina kwa sababu ni cha kwanza" imechanganya mambo hayo mawili.

5. Sampuli, kielelezo, na pacha

Rasimu hubadilishana "sampuli" na "kielelezo" kana kwamba ni neno moja. Sampuli ni sehemu ndogo inayochukuliwa ili kitu kizima kijulikane: sampuli ya damu, sampuli ya maji ya kisima, sampuli ya mahindi ghalani. Mara nyingi hutumika ikaisha, na hakuna anayeililia. Kielelezo ni kitu kinachotunzwa ili kitolewe ushahidi. Mahakama zetu zimelitumia neno hili kwa usahihi kwa muda mrefu: panga lililokamatwa huitwa kielelezo, hupewa namba, na hutakiwa liwepo kesi itakapofufuliwa. Mmea mkavu ni wa namna hiyo hiyo. Ni kielelezo. Kipande cha jani kinachokatwa kutoka kwenye kielelezo hicho ili kupimwa maabara ndicho sampuli.

Hatari zaidi ni istilahi "nakala". Ni desturi ya wakusanyaji kuchuma vipande kadhaa kutoka katika mmea mmoja, au katika mimea ya spishi moja iliyo mahali pamoja siku ile ile, wakavipa namba moja, na kuvigawa kwa makavazi mbalimbali. Rasimu imeviita vipande hivyo "nakala". Nakala huwa na asili yake: waraka mmoja ni halisi, nyingine zimeigizwa. Lakini hapa hakuna cha halisi na cha kuiga. Vyote vimetoka shina moja siku moja. Kiswahili kina neno lililo tayari: pacha. Tunapendekeza "vielelezo pacha".

Msomaji asidhani kwamba tunagombania neno kwa ajili ya neno. Tuchukulie kwamba mkusanyaji alichuma matawi manne ya mmea huu na kuyapeleka Perth, Adelaide, Sydney na Kew. Kila makavazi yataandika kumbukumbu yake, na orodha zote zitakapounganishwa, kama ilivyofanyika Australia kwa njia ya kompyuta, kutakuwa na kumbukumbu nne. Ofisa asiyejua habari ya pacha atahesabu mara nne na kuandika kwamba mmea umeonekana mara nne. Kwa spishi iliyoenea, kosa hilo ni dogo. Kwa spishi iliyobaki katika kilima kimoja, kosa hilo laweza kuwa ndiyo sababu ya kilima hicho kupewa mchimba kokoto.

Vivyo hivyo pafaa kutofautisha mkusanyaji na mtambuzi. Rasimu imemwita huyu wa pili "aliyeamua", na msomaji hujiuliza aliamua nini. Aliyefanya kazi hiyo alitazama kielelezo na kukitambua kuwa ni cha spishi fulani. Pengine miaka mia baada ya kuchumwa. "Mtambuzi" latosha.

6. Kisawe na upatanisho

Mmea wetu umekuwa na majina haya miongoni mwa mengine: Donia formosa (1832), Clianthus dampieri, Clianthus oxleyi, Clianthus formosus (1950), Swainsona formosa (1990), na Willdampia formosa (1999). La 1990 lilitolewa na Joy Thompson, na la 1999 na Alex George. Lile la kwanza kati ya hayo mawili ndilo linalofuatwa na wengi.

Rasimu yayaita majina yote haya "visawe". Kwa mwanafunzi wa fasihi, visawe ni maneno ambayo mshairi anaweza kuchagua lolote kwa kadiri ya vina na mizani. Kwa mtaalamu wa mimea sivyo. Yeye anayefuata uainishaji fulani hana ruhusa ya kuchagua. Jina moja ndilo sahihi, na mengine yameachwa, ingawa hayana budi kutajwa ili kumbukumbu za zamani zipatikane. Tunapendekeza "jina lililoachwa". Wala lisiitwe "jina batili", kwani ubatili ni kasoro ya utaratibu wa kutoa jina, na majina mengi yaliyoachwa yalitolewa kwa utaratibu mwema kabisa.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo walimu hawajaitumia vya kutosha. Mwanafunzi hushangaa kwa nini formosa iligeuka kuwa formosus na kisha ikarudi kuwa formosa. Rasimu imeliita jambo hilo "tofauti ya tahajia". Siyo tahajia, ni upatanisho wa kisarufi. Neno hilo la Kilatini maana yake ni "-zuri", na kivumishi hufuata jinsia ya nomino inayotangulia: Donia na Swainsona ni za kike, Clianthus ni ya kiume. Mtoto wa darasa la tatu anayejua kwamba huwezi kusema "kiti mzuri" wala "mtu kizuri" amekwisha kuielewa kanuni hiyo. Mwalimu na aseme tu kwamba mmea ulihamishwa ngeli, kivumishi kikabadilisha kiambishi chake, lakini mzizi ukabaki. Mzizi huo ndio unaotuonyesha kwamba majina hayo manne, la 1832, 1950, 1990 na 1999, yameshikana na kielelezo kimoja cha jina; na lile la 1832 tuliite "jina-msingi".

7. Njegere za msituni jangwani

Tufikie jina la kawaida. Rasimu imefasiri hivi: "njegere mwitu za jangwani za Sturt", na mahali pengine mmea umeitwa "ua la msituni". Kila neno hapa lina walakini.

Njegere ni chakula. Neno la Kiingereza lililotumika hapa halielezi chakula, bali umbo la ua, ambalo lafanana na ua la njegere, la kunde na la maharage. Mwanafunzi akiambiwa njegere za jangwani ataulizia sufuria. "Mbaazi" nayo ina kosa hilo hilo. Lakini shuleni tumekwisha kuzoea kusema "jamii ya mikunde" bila kufikiri kwamba kila mmea wa jamii hiyo huliwa. Kwa hiyo "mkunde-jangwa wa Sturt" ni jina linaloweza kusimama katika kitabu cha kusoma, mradi liambatane na jina la kitaalamu.

Kuhusu "msituni", tatizo lafahamika lilikotokea. "Mwitu" kwa asili ni msitu, na kwa upanuzi huwa ni sifa ya kitu kisichofugwa wala kupandwa, kama vile nguruwe mwitu na paka mwitu. Mfasiri ameugeuza upanuzi ukarudi kwenye asili, na mmea wa tambarare za mchanga mwekundu, mahali pasipo na msitu, umepandwa msituni. Tena "ua" katika kumbukumbu ni kiungo cha mmea, nacho huelezwa rangi yake na ukubwa wake. Si vema liwe pia jina la mmea mzima. "Mmea-pori wa maua" huondoa matatizo yote mawili.

Dampier mwenyewe, yafaa kukumbuka, aliangukia katika mtego wa kufananisha. Alikiita kisiwa kimoja Rosemary kwa sababu ya kichaka kilichomkumbusha mmea wa bustani za kwao. Leo jina hilo limeshika kisiwa kingine, na watafiti wameona kwamba mahali alipokanyaga yaelekea ni kisiwa kiitwacho East Lewis. Kwa hiyo mfasiri wa kumbukumbu asisahihishe jina la mahali kimyakimya, wala tarehe. Waingereza walitumia kalenda ya Kijuliani hadi 1752; tarehe 22 Agosti 1699 katika maandishi ya Dampier ni 1 Septemba kwa kalenda yetu. Inakiliwe kama ilivyo, na sahihisho liandikwe pembeni na kuonyeshwa kuwa ni sahihisho.

8. Adimu, nadra, na kutoonekana

Rasimu imetumia "nadra" na "adimu" bila kutofautisha. Nadra hueleza zaidi jinsi jambo linavyotokea kwa nyakati. Adimu hueleza uchache wa kitu. Kuchanua kwa mkunde-jangwa mahali fulani huenda kukawa nadra, kwa sababu hutegemea mvua. Lakini mmea wenyewe si adimu, kwani mbegu zake zimo ardhini. Anayefasiri kwa kubahatisha kati ya maneno haya anaweza kuugeuza mmea wa kawaida kuwa mmea wa kutoweka, au kinyume chake.

Tena neno hilo, popote lionekanapo katika lebo, ni maoni ya mkusanyaji juu ya mahali alipokuwa siku ile. Siyo hukumu juu ya nchi nzima. Wakusanyaji hupita barabarani na kando ya mito, na huvutwa na mmea uliochanua. Kwa hiyo kumbukumbu za mmea wa jangwani hutueleza mahali watu walipopita na mvua iliponyesha, pamoja na mahali mmea unapoota. Rasimu iliandika "mmea haupo" kwa sehemu zote zisizo na kumbukumbu. Ilipaswa kuandika "haujakusanywa".

9. Hitimisho na mapendekezo

Kwa muhtasari tunapendekeza: makavazi ya mimea (au hebaria) badala ya hifadhi ya mimea, kielelezo kwa mmea uliokaushwa, na sampuli kwa kipande kinachopimwa, kielelezo cha jina badala ya kielelezo cha aina, kielelezo pacha badala ya nakala, mkusanyaji na mtambuzi badala ya mgunduzi na mwamuzi, jina lililoachwa badala ya kisawe, jina-msingi, na mmea-pori wa maua badala ya ua la msituni.

Huenda baadhi ya mapendekezo haya yakapingwa, na yapingwe kwa hoja. Lakini tusikawie. Makavazi ya mimea ya Afrika Mashariki yaliyoanzishwa Amani mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950 yana vielelezo vilivyochumwa katika wilaya zetu, na wakusanyaji mara nyingi waliandika katika lebo zake majina waliyoambiwa na wenyeji kwa Kiswahili, Kidigo, Kisambaa na lugha nyingine. P. J. Greenway alipotoa kamusi yake ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937, alifanya kazi hiyo huko huko Amani. Kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda, kilichoanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012, kimejengwa juu ya vielelezo vya namna hiyo, nacho kimeandikwa kwa Kiingereza. Siku kumbukumbu hizo zitakapofasiriwa kwa wingi, wafasiri watatumia maneno watakayoyakuta mezani. Ikiwa watalikuta "hifadhi" kwa maana ya kabati, basi tutakuwa na maofisa wanaoamini kwamba mimea ya Usambara imelindwa, kwa sababu tu tawi lake kavu limo ndani ya karatasi Nairobi.

Walimu, wafasiri na watumishi wa Serikali wanaoshughulika na misitu, kilimo na mazingira wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika kazi zao na kuleta maoni kwa Baraza, pamoja na mifano ya sentensi walizoshindwa kuzifasiri. Sentensi zilizoshindikana zitatusaidia kuliko sifa.